Usingizi wa Salum

Rehani alipiga hodi mara tatu mbele ya nyumba aliyoijenga kwa mikono yake mwenyewe, na mara zote tatu hakukaribishwa. Alikuwa ameondoka Morogoro jana yake, mzigo wa chumvi na kaniki kichwani. Ndani alisikia sauti za wanawake zikikatika ghafla. Mwishowe mlango ukafunguliwa na mama mkwe wake, Bi Hidaya. Rehani akainamisha kichwa.

“Shikamoo, mama.”

Bi Hidaya aliutazama mzigo, akaitazama miguu yake yenye tope, kisha akageuka na kurudi ndani bila kuitika.

Rehani alisimama pale kizingitini kwa muda, hajui aingie au aondoke. Ardhi ile ya Kinole, mlimani, ilikuwa ya ukoo wa mkewe. Yeye alikuja kuoa, akapewa mahali pa kujenga, na mara kwa mara alishuka mjini kwa siku kumi, kubeba na kupima mizigo katika duka la Mhindi mmoja aitwaye Bharat. Tangu gari la moshi la Wadachi lifike Morogoro mwaka juzi, kazi ya mizigo haikukosekana. Aliingia.

Mkewe, Mwanaheri, alikuwa amelala kitandani, mguu wa kushoto umefungwa vipande vya mianzi kuanzia gotini hadi kwenye kifundo. Aliteleza kwenye njia ya mgombani akiwa na mimba ya miezi minane, mkungu wa ndizi kichwani, na mfupa wa muundi ukavunjika. Ubavuni pake alilala mtoto wao wa kwanza, Salum, mwenye siku thelathini na nane. Ngozi ya mtoto ilikuwa imelegea kwenye mapaja, kama nguo ya kuazima.

“Hajalia tangu juzi,” alisema Asia, dada mkubwa wa Mwanaheri, aliyekaa chini akimnyonyesha binti yake. “Tunampaka maji baridi usoni, anafumbua jicho, analifumba. Ukimpa ziwa anavuta mara mbili, tatu, basi, amelala.”

“Si mlisema ni mtulivu?”

“Tulisema,” alijibu Asia.

Kweli walisema. Salum alizaliwa hata hakulia. Mkunga alimpiga makofi matatu ndipo akatoa sauti, tena ndogo, ya mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake. Wanawake wakacheka wakasema huyu amezaliwa mzee. Siku zote zile majirani walimsifu kwamba hasumbui. Hakuna aliyeuliza mtoto mchanga anapata wapi utulivu wa namna hiyo.

Bi Hidaya na Asia walipotoka kwenda jikoni, Mwanaheri alimgeukia mumewe. Jicho lake halikwenda usoni mwake. Lilikwenda kwenye pindo la shuka aliyojifunga Rehani.

“Umeileta?”

Rehani akafungua fundo. Ndani yake, katika karatasi, mlikuwa na donge la kasumba, rangi ya sukari guru iliyoungua. Alianza kuinunua dukani kwa Bharat wiki ile mguu ulipovunjika, Mwanaheri alipokuwa akiuma mkeka asipige kelele. Mtu mmoja wa mizigo alimwambia inaua maumivu, naye akaileta, na tangu siku ile mkewe alilala. Kwa hilo Rehani alijiona mume. Wanaume wangapi pale mlimani waliweza kumwondolea mke maumivu kwa kitu kidogo kuliko punje ya hindi? Kipande cha kwanza kilikaa mwezi na nusu. Cha pili kilikaa siku kumi na mbili. Hiki cha tatu kilikuwa kikubwa kuliko vyote.

Mwanaheri akachukua chembe kwa kucha, akaiweka chini ya ulimi, akafumba macho.

“Wanasema una mwanamke mjini,” alisema. “Wanasema umembemenda mtoto.”

“Na wewe unasema nini?”

“Mimi mguu unaniuma, baba Salum. Sijui la kusema.”

*

Asubuhi akaitwa uani kwa mjomba Kibwana, mkubwa wa ukoo, hatua chache tu kutoka mlangoni pake. Kibwana na wazee wawili walikalia vigoda. Rehani hakupewa kigoda. Alikaa juu ya udongo uliolowa, na majirani waliopita na mitungi walipunguza mwendo, kila mmoja akijifanya anatengeneza kata yake.

“Hatukuiti mwizi,” alianza Kibwana kwa upole. “Una mkono mzuri wa kazi, hilo tunalijua. Lakini mtoto wetu anakwenda. Mama yake ana mguu uliovunjika, hawezi kutoka nje. Kwa hiyo uchafu umeletwa na mwenye miguu. Mtu akilala na mwanamke wa nje wakati mtoto yuko ziwani, mtoto hudhoofika hivi unavyomwona. Wewe mwenyewe ni mtu mzima, sina haja ya kukufundisha. Mtaje huyo mwanamke, aletwe, mtoto aogeshwe dawa, yaishe.”

“Mjomba, hakuna mwanamke.”

“Siku kumi mjini?”

“Nalala kwenye magunia, stoo kwa Bharat. Muulizeni.”

Mzee mmoja akacheka. “Tukamuulize Mhindi unalala na nani?”

Rehani alitazama mlango wa nyumba yake. Mwanaheri alikuwa akiyasikia yote, na hakusema lolote.

“Niruhusuni nimpeleke mtoto mjini,” alisema. “Bomani kuna daktari. Mkiniona namkimbiza, nitumieni watu.”

“Mtoto wa ukoo huu hatoki na wewe peke yako,” alisema Kibwana. Akafikiri. “Asia atafuatana nawe. Ana maziwa, atamnyonyesha njiani. Mkirudi bila dawa, utamtaja huyo mwanamke hapahapa ulipokaa.”

Mwanaheri alilia alipochukuliwa mtoto. Alilia polepole, kwa sauti ya mbali, kama mtu anayelia ndotoni.

*

Walishuka mvua ikinyesha, Asia na binti yake Mosi mgongoni, Rehani na Salum kifuani ndani ya kaniki mpya. Asia hakumsemesha. Kila walipopumzika alimpokea Salum, akalibana ziwa lake, akamdondoshea maziwa midomoni tone kwa tone, na koo la mtoto likameza lenyewe huku macho yamefumba. Walilala Kiroka kwa jamaa.

Siku ya pili, jua la saa tatu lilipotoka, Rehani alihisi kitu kikimgusa kifuani. Akatazama chini. Salum alikuwa amefumbua macho. Alikuwa akimtazama, si kwa jicho lile la kufungwa nusu, bali kwa macho mawili mazima, meusi, yenye mshangao.

“Shemeji! Shemeji, njoo uone!”

Asia akampakata, akampa ziwa, na mtoto akavuta. Alivuta hadi maziwa yakamtoka pembeni mwa mdomo. Asia alianza kucheka huku machozi yakimtiririka. Kisha kicheko kikakoma, akabaki akimtazama mtoto kama anayehesabu.

“Jana na leo hajanyonya ziwa la mama yake,” alisema taratibu. “Shemeji, tulikuonea. Si wewe. Ni maziwa ya mdogo wangu yameharibika. Nitamwambia mjomba kwa kinywa changu.”

Ndilo neno Rehani alilolitamani tangu usiku wa juzi. Sasa alikuwa amepewa bure, njiani, hata hakulidai. Akashukuru. Lakini aliposogea mbele hatua chache akamkumbuka Mwanaheri kitandani, na ile shukrani ikamkaa vibaya moyoni.

Bomani walipanga foleni hadi adhuhuri. Mhudumu mwenye koti jeupe alimgusa Salum kipaji cha uso kwa nyuma ya kidole. “Hana homa. Daktari amekwenda na watu wa reli. Rudini wiki ijayo.” Rehani alipojaribu kueleza, mhudumu alikuwa ameshamwita mwingine.

Walipotoka pale, Salum alianza kupiga chafya. Alipiga chafya saba, nane, mfululizo. Kisha akapiga miayo, kisha mikono ikaanza kumtetemeka, na kidevu. Kisha akalia. Hakikuwa kilio cha njaa, kwani alilikataa ziwa. Kilikuwa kilio chembamba, kikali, kisicho na pumzi, na watu barabarani waligeuka kuwatazama wale wawili kama waliomfinya mtoto.

*

Mahali pekee Rehani alipopajua mjini ni dukani. Aliingia kwa mlango wa uani, akamketisha Asia kivulini penye pipa la maji. Mosi naye alikuwa akilia njaa, kwa hiyo Asia akampa Rehani Salum amshike. Mama yake Bharat, mjane wa Kihindi aitwaye Leela, alikuwa akipepeta dengu jikoni. Alimjua Rehani kwa miaka miwili, na katika miaka hiyo hawakuzungumza zaidi ya mizigo.

“Mtoto wa nani analia hivyo?”

“Wangu, mama. Mgonjwa.”

Leela aliweka ungo chini, akaja akiifuta mikono kwa sari yake nyeupe. Akaishika miguu ya Salum iliyokuwa ikitetemeka, akamkunja magoti, akamfunga barabara kwa kile kipande cha kaniki hadi mtetemeko ukapungua.

“Kabla ya kulia hivi, alikuwaje?”

“Alikuwa analala tu. Hanyonyi. Ukimwamsha haamki.”

“Na macho? Ile nukta nyeusi ya katikati, ilikuwa ndogo? Kama tundu la sindano?”

Rehani alishangaa. “Ilikuwa ndogo, ndiyo. Leo ndiyo imekuwa kubwa.”

“Huyu amekula afyuni, kasumba,” alisema Leela. “Sasa ameikosa.”

“Hapana, mama! Mtoto huyu hajalamba hata maji. Ni ziwa tu.”

“Basi anayekula ni mama yake.”

Mbele, kwenye meza ya duka, Rehani alimsikia Bharat akimpimia mtu mchele. Nyuma ya meza hiyo kulikuwa na kopo jekundu lenye kifuniko kizito, naye alijua lilipo kuliko mtu yeyote.

“Amevunjika mguu,” alisema hatimaye. “Mimi ndiye ninayempelekea. Tangu ana mimba.”

“Tangu mimba?” Leela akatikisa kichwa. “Basi mtoto ameizoea kabla hajazaliwa. Unafikiri tumboni alikuwa anakula nini? Damu ya mama inampitishia kwenye kondo, kwenye kitovu. Mama akila chumvi, naye anapata chumvi. Mama akila kasumba, naye analewa. Akizaliwa, kitovu kinakatwa, lakini ziwa linaendeleza. Mama anameza chembe, maumivu yanakwisha, analala. Yule mdogo ananyonya, naye analala. Yeye hana maumivu ya kuondoa. Inaondoa njaa yake, inaondoa kilio chake. Mwisho inaondoa pumzi.”

Alisema hayo bila kupandisha sauti. Kisha akaketi juu ya gunia tupu, Salum mapajani.

“Kule kwetu Kachi, kabla ya Bharat, nilikuwa na binti. Pushpa. Nilipata jipu la titi, mama mkwe wangu akanipa afyuni. Siku kumi na saba watu walinisifu. Mtoto hasumbui, wakasema, una bahati. Siku ya kumi na nane hakuamka.” Aliufunika uso wa Salum na kona ya sari kumkinga na jua. “Hakuna aliyenilaumu. Walisema ni kazi ya Mungu. Mimi niliijua kazi ilikuwa ya nani, lakini niliogopa kusema, maana mama mkwe alinipa kwa huruma.”

“Nifanyeje?”

“Mrudishe kwa mama yake upesi. Usikate ghafla! Mama akikata leo, huyu atatetemeka hadi achoke, na wengine hufa hivyo. Mama apunguze. Leo kama punje ya mtama, siku mbili. Kisha kama uwele, siku mbili. Kisha nusu ya uwele, hadi iishe. Amnyonyeshe kabla tu hajala chembe nyingine, wakati imepungua mwilini. Akisinzia sana, huyo dada amnyonyeshe. Na mguu utamuuma. Mwambie ukweli kwamba utamuuma.”

Alimrudishia mtoto, akanyanyuka, akaingia dukani. Rehani alisikia maneno ya Kihindi, ya mama kwa mwana, mafupi. Kisha akasikia kile kifuniko kizito kikifungwa kwa nguvu, na mteja akiuliza kuna nini.

*

Asia, kule kwenye pipa na Mosi akilia, hakuyasikia mazungumzo yale. Njiani kurudi, mtoto akilia na kutetemeka kifuani kwa Rehani, yeye alikuwa ameshapanga kila kitu.

“Atakuwa wangu. Nitamlea na Mosi kama pacha. Mwanaheri atazaa mwingine, au hatazaa, Mungu ndiye ajuaye. Ila maziwa yale asimguse nayo tena. Na wewe hakuna atakayekunyooshea kidole. Nimekuahidi.”

Rehani alitembea. Hakuna aliyejua. Lile donge angeweza kulitupa mtoni na kumwambia mkewe dukani imekwisha. Angerudi Kinole jina lake limesafishwa, na aibu ingehamia kwa Mwanaheri, ambaye maziwa yake yangesemwa hadi azeeke. Na hata huko kupona kwa mtoto kusingekuwa kupona, kwa vile Leela alivyosema. Walipofika Kiroka akasimama.

“Shemeji, maziwa ya mdogo wako hayana kosa,” alisema, na akamweleza yote.

Asia alimsikiliza hadi mwisho. Hakumtukana. Alimpokonya tu mtoto, akambeba mwenyewe mbele, Mosi mgongoni, njia yote iliyobaki, na hakukubali kupokewa hata kwenye mteremko wa utelezi.

Walipofika, watu wakakusanyika uani kwa Kibwana, na Rehani akayarudia maneno yaleyale, safari hii amesimama. Alisema nani alinunua, wapi, mara ngapi. Hakumtaja Leela kwa jina. Mwanaheri alikuwa ameketishwa mlangoni pa nyumba yao, mguu umenyoshwa mbele yake, mtoto ameshapakatwa kifuani. Jasho lilimtoka.

“Kwa hiyo hukumbemenda,” alisema Kibwana. “Umemlevya.”

“Ndiyo, mjomba.”

“Nani alikutuma?”

“Hakuna.”

“Mimi nilimtuma.” Sauti ilitoka mlangoni. Watu wote wakageuka. “Ya kwanza alileta yeye mwenyewe. Ya pili nilimtuma mimi. Ya tatu nilimwambia alete kubwa. Nilimwona mtoto halii, nikafurahi, maana akilia mguu unashtuka.” Mwanaheri akamvuta mtoto karibu zaidi. “Kama mnamweka yeye chini kwenye udongo, na mimi niwekeni.”

Bi Hidaya alinyanyuka kwa kasi ambayo hakuna aliyeitarajia. Aliingia ndani, akatoka na lile donge la kasumba mkononi, akaelekea kwenye moto uliokuwa ukichemsha maji. Rehani akaruka. Akamdaka kiganja, akakishika, akakibana mbele ya ukoo mzima.

Mwanamume amemshika mama mkwe wake mkono! Mzee mmoja aligeuza uso pembeni asione.

“Nisamehe, mama,” alisema Rehani, akihema, bila kumwachia. “Ukiitupa, Salum atakufa. Inapunguzwa. Lazima ipunguzwe. Nipe, halafu mnifanye mtakavyo.”

Bi Hidaya alimtazama, kisha akautazama mkono wake uliobanwa. Vidole vikafunguka kimoja kimoja.

*

Kwa kosa la kumshika mkwe, Rehani alitozwa jogoo na kaniki mbili, akatoa bila ubishi. Kwa lile jingine Kibwana alikosa hukumu. Alisema hajawahi kusikia kesi kama hiyo na hajui itozwe nini. Majirani, kwa upande wao, waliendelea na neno la kubemenda, kwa kuwa lilikuwa jepesi kulisema mtoni.

Kukata ile kasumba alikata Mwanaheri mwenyewe. Hakumwachia mtu. Kila siku alivuta unyuzi kutoka kwenye ukingo wa kanga yake, akaunyosha juu ya donge, akaligawa, akaipima chembe kwa punje halisi ya mtama aliyoiweka kwenye kifuu. Siku mbili za kwanza Salum alitulia kidogo, akanyonya, akalala usingizi wa kuamka. Siku ya tatu walipoingia kwenye uwele alitetemeka tena, naye Mwanaheri akatetemeka pamoja naye, mwili mzima, pua ikimtiririka, mifupa ikimuuma hata ile ambayo haikuvunjika. Asia alikuja asubuhi na jioni kumnyonyesha kwa zamu. Rehani hakushuka mjini. Alimfunga mtoto kama alivyoona akifungwa, akatembea naye ukumbini huku na huku, na mkewe aliposema “niongeze kidogo tu, kidogo, wala mtoto hatajua,” alitoka nje akasimama uani hadi neno lile lipite. Mara moja aliporudi alimkuta amejifunga ziwa kwa kitambaa, ili asimnyonyeshe akishindwa. Hakushindwa siku ile. Siku iliyofuata alishindwa, akameza chembe mbili, akamwambia Asia mwenyewe, na siku ile yote Asia alinyonyesha watoto wawili.

Siku ya kumi na mbili vipimo vilikuwa vimekwisha, na kilichobaki cha donge kilikuwa kimetiwa motoni. Ilikuwa mchana, ukungu umeondoka mlimani, na harufu ya iliki iliyoanikwa ilijaa uani. Salum aliamka mwenyewe. Alijinyoosha, akazungusha kichwa akitafuta, na alipokosa akafumbua kinywa akalia. Kilio kilikuwa kinene, cha hasira, chenye pumzi ndefu katikati. Bi Hidaya, aliyekuwa akitwanga nje, aliacha mchi.

Rehani alimwinua mtoto akamweka kifuani kwa mama yake. Salum alilivamia ziwa, akalivuta kwa nguvu zote za siku hamsini na tatu za maisha yake, na katika kurukaruka kwake kisigino kikampiga mama yake juu ya mianzi ya mguu. Mwanaheri akafinya uso, akauma mdomo hadi ukawa mweupe. Rehani akainama haraka amwondoe.

“Ngoja nimchukue, upumzike.”

“Mwache.” Mwanaheri aliusukuma mkono wake. Machozi ya maumivu yalikuwa yakimshuka na hakuyafuta, kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa imemshika mtoto. “Mwache anyonye. Leo ana njaa yake mwenyewe.”